Jumba la Natchez si shamba: maana ya makazi ya matajiri wa pamba

Neno la Kiingereza plantation likifasiriwa kwa Kiswahili huwa "shamba", na hapo ndipo picha inapoharibika. Msomaji huona jumba jeupe lenye nguzo ndefu, miti mikubwa imelizunguka, akadhani pamba ilianzia pale pale kwenye ngazi za mbele. Katika mji wa Natchez, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, mambo hayakuwa hivyo. Majumba mengi yaliyoupa mji huo sifa hayakuwa makao makuu ya shamba lolote. Yalikuwa makazi tu: nyumba kubwa, bustani, banda la farasi, jiko la nje na vyumba vya watumwa, vyote ndani ya eneo moja pembezoni mwa mji. Pamba ililimwa kwingine, mara nyingi ng'ambo ya mto Mississippi, upande wa Louisiana.

Mtu wa Unguja hapati taabu kuelewa jambo hili. Tajiri wa karafuu alikuwa na nyumba ya mawe Mji Mkongwe, na mikarafuu yake iko shamba. Kwetu neno shamba lina maana mbili, pahala panapolimwa na pahala pasipo mji. Tunasema "amekwenda shamba" hata kama hakushika jembe. Basi tukiliita jumba la Natchez shamba, tunalihamishia mashambani jumba ambalo mwenyewe alilijenga makusudi ili asikae huko. Kwa hiyo katika maelezo haya nitaliita "jumba la pembezoni", yaani makazi ya familia tajiri yaliyo nje kidogo ya mji, yanayoendeshwa kwa fedha zinazozalishwa mahali pengine. Hilo la "mahali pengine" ndilo la kushika, maana ndilo linalofichika kwa urahisi.

Jiografia inaeleza mengi. Natchez imekaa juu ya genge refu linalouinamia mto, kiasi cha mita 60 kutoka majini. Wafaransa walijenga ngome yao hapo mwaka 1716, katika nchi ya Wahindi Wekundu walioupa mji jina lake. Ng'ambo ya pili, upande wa Louisiana, nchi ni tambarare. Kila mto ulipofurika uliacha tope jeusi lenye rutuba, na pamba ilistawi. Lakini tope hilo hilo lilileta mbu, homa na mafuriko. Mwenye mali akachagua kulala juu, penye hewa na jamii ya matajiri wenzake, na kule chini akaweka nyapara na mamia ya watu waliolima kwa kuchapwa viboko. Si wote waliokuwa hivyo. Yapo mashamba yaliyokuwa upande wa Mississippi pia, na bwana akaishi humo humo. Ila mtindo uliovipa vilima vya Natchez sura yake ni huu wa kuishi hapa na kuvuna kule.

Mashine ya kuchambua mbegu za pamba, iliyopatikana katika miaka ya 1790, ndiyo iliyogeuza tope hilo kuwa dhahabu. Robota za pamba zilishuka na mto kwa meli za moshi hadi New Orleans, kisha zikavuka bahari hadi viwanda vya Uingereza, au zikapanda kaskazini hadi Massachusetts. Na hapa historia hii inapita mlangoni mwetu. Ile merikani, nguo iliyovaliwa na kuwa kama sarafu kutoka pwani ya Zanzibar hadi bara, ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini, ikaletwa na wafanyabiashara wa Salem. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokatiza pamba kuanzia 1861, merikani ya kweli iliadimika Zanzibar, na nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi yake. Haiwezekani kusema doti fulani ilitoka shamba gani, lakini mnyororo ni mmoja.

Turudi kwenye jumba. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Melrose, lililojengwa katika miaka ya 1840 na John McMurran, mwanasheria aliyetoka Pennsylvania akatajirika Natchez. Leo linatunzwa na idara ya hifadhi za taifa ya Marekani. Kwa mbele lina nguzo nne kubwa za mtindo wa Kigiriki uliopendwa sana zama zile. Ndani, katika chumba cha kulia, juu ya meza, linaning'inia bao kubwa la mbao lililochongwa kwa ufundi, limefungwa kamba. Familia ilipokula, mtoto mtumwa alisimama pembeni akiivuta kamba ile, bao likipepea mbele na nyuma, kuwafukuza nzi na kuleta upepo.

Sisi tunalijua jina la kitu hicho. Kwa Kihindi ni pankha. Waingereza walimwita mvutaji wake "boi wa panka", na Kiswahili kikayaunganisha maneno hayo kuwa pangaboi, jina ambalo wengi wetu tunaiitia feni ya darini mpaka leo. Ndani ya neno letu wenyewe mna mtoto aliyesimama akivuta kamba. Mimi nikiangalia picha ya chumba kile siwezi kuitazama meza wala sahani; naitazama ile kamba, nafuata inakoishia, na pale inapoishia ndipo mtoto aliposimama, hatua chache kutoka kwenye chakula.

Ukizunguka nyuma ya Melrose unaona nusu ya pili ya jumba. Kuna majengo mawili ya matofali ya ghorofa moja moja, yenye nguzo zake, yanatazamana: chini ni jiko na sehemu ya maziwa, juu ni vyumba walimolala watumwa wa nyumbani. Jiko liliwekwa nje kwa kuogopa moto na joto. Kwenye baraza ya nyuma zilitundikwa kengele, zikaunganishwa kwa waya na vyumba vya ndani, ili anayeitwa ajue anaitwa wapi. Majengo hayo yamenakshiwa yapendeze machoni mwa wageni, na ndiyo maana ni rahisi kuyapita bila kujiuliza nani alilala humo. Jumba la pembezoni ni eneo lote hilo. Anayeeleza nguzo za mbele peke yake ameeleza uso, mwili ameuacha.

Neno lingine linalohitaji uangalifu ni "watumishi". Wenye majumba walipenda kuwaita hivyo watu waliokuwa mali yao, na watembeza wageni waliendelea hivyo kwa miaka mingi. Kiswahili kinatusaidia kuona tofauti. Maneno yote mawili yana mzizi mmoja, tuma, lakini mtumishi ana kazi anayoifanya, na mtumwa ni wa kutumwa, kauli ya kutendwa imo ndani ya jina lake. Waliokuwa Melrose walikuwa watumwa. Tuwaite hivyo.

Walitoka wapi? Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje mwaka 1808, lakini biashara ya ndani ikashamiri. Kati ya 1790 na 1860 watu wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya zamani kama Virginia na Maryland kuletwa kwenye pamba ya Kusini. Natchez ilikuwa na soko lao, mahali panapoitwa Forks of the Road, yaani njia panda, mashariki mwa mji. Lilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya eneo lote hilo, likitanguliwa na New Orleans. Isaac Franklin na John Armfield, waliokuwa na kampuni kubwa ya biashara hiyo, walikusanya watu Alexandria, Virginia, na kuwaleta huko, wengine kwa meli, wengine kwa miguu wakiwa wamefungwa minyororo.

Mmoja wa watu wa Natchez ya mwanzo alikuwa Abdul Rahman Ibrahima, mwana wa mtawala wa Futa Jallon, nchi iliyo Guinea ya leo. Alikuwa msomi wa Kiislamu, akaandika Kiarabu. Alitekwa vitani, akauzwa, akafika Natchez mwaka 1788, akamtumikia mkulima Thomas Foster kwa miaka 40 hivi. Siku moja, katika soko la kawaida, si lile la watumwa, alikutana na daktari Mwairishi, John Cox, ambaye zamani aliugua akatunzwa na baba yake Abdul Rahman huko Futa. Cox alimtambua akajaribu kumkomboa, Foster akakataa. Uhuru ulikuja mwaka 1828 tu. Mwaka uliofuata alivuka hadi Liberia na mkewe Isabella, akafariki huko kabla hajaiona nchi yake, na watoto wake amewaacha Mississippi.

Vita vilipofika, Natchez ilijisalimisha bila mapigano makubwa, na majumba yakabaki yamesimama. Wanajeshi weusi wa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, walishiriki kuyabomoa mabanda ya soko la njia panda, mbao zake zikatumika kujengea kambi. Leo mahali hapo pana pingu na minyororo iliyozamishwa kwenye saruji ardhini, na tangu 2021 pamekuwa sehemu ya hifadhi ya taifa ya Natchez.

Baada ya vita familia nyingi zilibaki na nyumba bila fedha. Umaskini huo ndio uliohifadhi majumba, kwa kuwa hakuna aliyeweza kubomoa na kujenga upya. Mwaka 1932 wanawake wa klabu ya bustani walianza kuyafungua kwa wageni kila majira ya kuchipua, wakivaa magauni mapana ya zamani, na mji ukapata riziki mpya. Kwa muda mrefu kilichosimuliwa kilikuwa samani na maharusi.

Lakini kuna jumba moja ambalo halikuwahi kuficha kitu, kwa sababu halikuwahi kwisha. Ni Longwood, la pembe nane, lenye kuba la umbo la kitunguu. Haller Nutt, mwenye mashamba ya pamba, alimwajiri msanifu Samuel Sloan wa Philadelphia, na kazi ikaanza mwaka 1860. Vyumba 32 vilipangwa. Vita vilipoanza mwaka 1861, mafundi wa Kaskazini waliacha zana zao wakarudi kwao. Watumwa walimalizia ghorofa ya chini kabisa, vyumba tisa, familia ikahamia humo. Nutt, aliyekuwa upande wa Muungano, alikufa mwaka 1864 mali yake ya mashambani ikiwa imeharibiwa na vita. Mjane wake Julia aliendelea kuishi humo hadi alipofariki mwaka 1897. Juu ya vyumba hivyo tisa hakuna lipu, hakuna rangi, hakuna nakshi. Ukisimama katikati na kutazama juu, macho yanapanda moja kwa moja hadi ndani ya kuba, na pande zote ni matofali matupu na maboriti, kama yalivyoachwa siku ile kazi iliposimama.