"Pikipiki ni ya chama": haya, nionyeshe kadi

Jumatatu nimeisikia tena. Safari hii ni vijana watano wa kijiwe kimoja cha bodaboda cha Uyole, Mbeya, wamelowa mvua, helmeti mkononi. "Mama wakili, pikipiki ni za chama." Nikaomba kadi za usajili. Kadi zote tatu zina jina la mwenyekiti wao, ambaye sasa ni marehemu. Mjane ameshafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, na pikipiki zimo kwenye orodha ya mali.

"Lakini tulichanga wote! Buku buku kila siku, zaidi ya mwaka."

Najua mlichanga, wanangu. Ila kadi ndiyo kitu cha kwanza hakimu atakachokitazama, na kadi haisemi "kijiwe". Na tusimseme mjane vibaya. Ana kadi, ana watoto, na hakuwahi kuitwa kwenye kikao chenu hata kimoja.

Wakanitolea cheti kwenye mfuko wa nailoni. Hapo ndipo ninapochokaga. Ni cheti cha kikundi cha halmashauri, kile ambacho watu hukifuata ili waombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Kwa kazi hiyo ni cheti kizuri. Lakini hakigeuzi kijiwe kuwa ushirika, wala hakibadilishi jina lililoandikwa kwenye kadi. Ushirika unasajiliwa na Mrajisi wa Vyama vya Ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, na ukishasajiliwa unakuwa mtu mbele ya sheria. Unamiliki mali kwa jina lake, unashtaki na kushtakiwa. Mwenyekiti akifa, akihamia Tunduma au akigombana na wenzake, mali haiondoki naye, kwa sababu haikuwa yake hata siku moja.

Je, vijana wangu hawana kesi? Wanayo. Waweke pingamizi kwenye mirathi, waonyeshe fedha zilitoka wapi na zilikusudiwa nini. Nikauliza ushahidi, nikapewa daftari moja lenye kurasa zilizochanika na majina ya utani: Chura, Dogo Sae, Mzee wa Fasta. Hakimu atamjuaje Chura? Kwa ushahidi huo kesi ni kama kupanda Mlima Rungwe kwa ndala. Kufika unaweza kufika.

Nikitamka neno ushirika, wanacheka. "Sisi hatulimi kahawa." AMCOS za Mbozi, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zimewafanya watu wa huku waamini kwamba ushirika huota shambani tu, wakati SACCOS ya walimu pale mjini, chama chao cha kuweka na kukopa, nayo ni ushirika. Sheria haikuufunga kwenye zao lolote. New York madereva walianzisha programu yao wenyewe ya kuitia usafiri, The Drivers Cooperative, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2021. Sasa sisi tunashindwa na pikipiki tatu?

Wengine huogopa kwamba mwenye hisa nyingi atawatawala. Kura ni moja kwa kila mwanachama, basi. Nikisema ukweli wangu, kinachowakimbiza viongozi wengi wa vijiwe si sheria kuwa ngumu. Ni kwamba vitabu vya ushirika hukaguliwa.

Halafu kuna hili: "Nilisaini kwamba mimi ni mshirika, si mwajiriwa." Wanalileta madereva wa programu za simu, na deiwaka wa bajaji vilevile, wale wanaoendesha chombo cha mtu kwa siku. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 hakijali karatasi imekuitaje. Anayemfanyia mtu kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, mradi ipo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: mtu huyo anakuelekeza namna ya kufanya kazi, anakupangia saa, anakupa kitendea kazi, unamtegemea yeye kwa kipato, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45! Anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku anazimaliza kwa siku nne. Tajiri, yaani anayekupa kazi, anaweza kuthibitisha kwamba kweli umejiajiri, sikatai, lakini mzigo huo ni wake. Wewe wahi CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 ukiwa umeachishwa kazi, 60 kwa madai mengine. Watu hunijia miezi minne baadaye, eti walikuwa wanasikilizia.

"Mkataba wa mdomo si mkataba." Ni mkataba. Sheria ya Mikataba haidai maandishi isipokuwa pale sheria nyingine inapoyadai. Kazi iko kwenye kuuthibitisha, ndiyo maana nimekuwa kasuku kwa jambo moja: hesabu, ile fedha unayompelekea tajiri, ilipe kwa simu. Usimpe tajiri fedha mkononi hata kama ni mjomba wako, na meseji usizifute. Simu ikijaa, futa picha.

Na wanaosema kamisheni ya programu, lile fungu inalokata kwenye nauli, ni siri ya kampuni, serikali haiwezi kuigusa? Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, iliweka ukomo wa asilimia 15, Uber ikasitisha huduma zake Aprili mwaka uleule. Ukomo ulipopandishwa hadi 25, ikarudi 2023. Imeguswa mara mbili.

Vijana wa Uyole wanarudi Alhamisi. Nimewatuma wamtafute aliyekuwa katibu wao. Wanasema siku hizi anapasua mbao Mafinga, na aliondoka na muhtasari wa kile kikao cha kununua pikipiki ya kwanza.