Kilo hizo zimepotea vipi? Wembamba, mazoezi na afya ya vijana wetu Mwanza

Katika kazi yangu ya ushauri wa lishe hapa Mwanza, swali ninaloulizwa na vijana kuliko mengine yote ni namna ya kupunguza kilo kadhaa kabla ya harusi, mahafali au sikukuu. Ni nadra kuulizwa lile ambalo kwa maoni yangu ndilo muhimu zaidi: mtu aliyekwisha kupungua, kilo hizo amezipoteza vipi, na mwili wake umelipa gharama gani? Anayetokea mtaani akiwa amepungua kilo kumi hupokewa kwa pongezi, na hakuna anayemwuliza kama anapata usingizi, kama analala na njaa, au kama hedhi yake bado inakuja. Makala haya yanahusu wembamba huo unaopongezwa. Ule unaotokana na ukame au maradhi tumezoea kuutambua na kuuhurumia, ilhali huu wa hiari tunaupigia makofi mpaka mwenyewe aanguke.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tumefika hapa kwa njia yetu wenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, madaktari walieleza mwaka 1985 juu ya ugonjwa mpya ambao wenyeji walikuwa wameupa jina kutokana na kukonda kwenyewe. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu aliyepungua katika mialo na visiwa vyetu alinyooshewa kidole, na wapo waliokula kwa bidii ili tu wasisemwe. Chini ya hofu hiyo kulikuwa na desturi ya zamani zaidi, kwamba mwili ulionawiri ni ushahidi wa nyumba yenye chakula. Dawa za kufubaza virusi zilipoenea hofu ililegea, na kizazi kilichokua na simu yenye kamera mkononi hakikuirithi. Siku hizi bibi akimwona mjukuu wake aliyetoka chuoni na kumwuliza, «Mwanangu, unaumwa?», mjukuu hulipokea swali hilo kama sifa.

Jambo kama hili limewahi kuchunguzwa mbali na hapa. Katika jimbo la Nadroga, visiwani Fiji, ambako miili mikubwa ilithaminiwa na kupungua kulichukuliwa kuwa dalili ya ugonjwa au ya kutotunzwa na jamaa, televisheni iliingia mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, kisha akahoji wengine wa rika hilohilo mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupatikana hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili kudhibiti uzito. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Makundi aliyoyahoji yalikuwa madogo na sitaki kuyabebesha zaidi ya uwezo wake, lakini yanatosha kumjibu kila anayeniambia kwamba matatizo ya kujinyima chakula ni ya Wazungu na hayawezi kuota mizizi mahali ambapo watu wanapenda ugali.

Sasa niingie katika mwili wenyewe. Mwili hauna namna ya kujua kama chakula kimepungua kwa sababu mvua imekosekana Magu au kwa sababu mwenye mwili ameamua kuishi kwa chai ya rangi na tango. Katika hali zote mbili hufanya kama kaya iliyopungukiwa kipato: hulipia kwanza yasiyoepukika, yaani ubongo na moyo, na mengine huyaahirisha. Uzazi ni miongoni mwa ya kwanza kuahirishwa. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupunguza ishara zake, ovari zikapunguza kutengeneza estrojeni, na hedhi ikachelewa au ikakatika kabisa. Wasichana wengi hulifurahia jambo hilo kama usumbufu uliowaondokea, bila kujua kwamba estrojeni hiyohiyo ndiyo inayolinda mifupa, na kwamba sehemu kubwa ya akiba ya mifupa ya maisha yote hujengwa kabla ya umri wa miaka ya ishirini na kitu. Wakati huohuo mapigo ya moyo hushuka, mikono na miguu hupoa, choo kinakuwa kigumu, nywele za kichwani hukatika, na vinyweleo laini huota mikononi na mashavuni.

Nitatoa mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike. Msichana wa chuo mwenye urefu wa mita 1.60 aliletwa na mama yake baada ya kutoka kilo 68 hadi 52 katika kipindi cha muhula mmoja. Mama alianza kueleza kabla hajaketi: «Dokta, majirani wanasema huyu ana kifua kikuu, na mwenyewe anasema ni dayati. Nimwamini nani?» Ilikuwa saa saba mchana, umeme umekatika na feni imesimama, sote tunatoka jasho, lakini binti alikuwa amevaa sweta lililofunika mpaka viganja. Nilipoushika mkono wake kuhesabu mapigo, ulikuwa wa baridi. Mapigo yalikuwa 48 kwa dakika akiwa amelala, na alipoketi yakapanda ghafla huku akishika ukingo wa kitanda. Hedhi alikuwa hajaiona tangu mwanzo wa muhula.

Ukichukua kilo zake na kuzigawa kwa kipeo cha pili cha urefu, unapata uwiano wa 20.3. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtu mzima ni mwembamba kupita kiasi anaposhuka chini ya 18.5, ambayo kwa urefu wake ni takriban kilo 47, kwa hiyo kwenye chati binti huyu yumo ndani kabisa ya eneo la kijani. Zahanati ya kwanza waliyopitia ilimpongeza. Mimi nilimwona mtu mwenye njaa. Kipimo hicho kilitokana na hesabu za Mbelgiji Adolphe Quetelet wa karne ya 19, aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi wala si hali ya mtu mmoja, na bado kinafaa kwa kazi hiyo ya kupima makundi. Hakimwoni aliyeteremka kwa kasi. Kwa upande mwingine humtilia shaka bure yule aliyezaliwa katika ukoo wa watu wembamba, mwenye uwiano wa 18 tangu utu uzima wake, anayekula vizuri, anayepata hedhi kila mwezi na anayepanda mlima na ndoo kichwani bila kuhema. Huyo wa pili aachwe kwa amani, na majina ya kimbaumbau na njiti yakome.

Kinachowasumbua wazazi zaidi ni kwamba tabia hubadilika pamoja na mwili. Binti aliyekuwa mchangamfu anakuwa mkali, anajitenga, anaangalia video za mapishi usiku kucha na kuwapikia wenzake chakula ambacho yeye haonji. Wengi huona ni kiburi au mambo ya kishetani, na wengine hupita kwanza kwa waombeaji kabla ya kuja kwetu. Ukweli ni kwamba njaa yenyewe inaweza kuyaleta haya. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mwanafiziolojia Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wenye afya njema ya mwili na akili, kwa wiki 24, mpaka wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Vijana hao, ambao hawakuwa na haja yoyote ya kuwa wembamba, walianza kukusanya vitabu vya mapishi, kuota chakula, kulamba sahani, kusikia baridi wakati wa joto, kununa na kupoteza hamu ya mapenzi. Walipoanza kulishwa tena, baadhi yao walikula bila kuweza kujizuia. Ndiyo maana simwulizi mzazi kama mtoto ni mkaidi kabla sijajua anakula nini.

Juu ya chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni na vibandani sitasema mengi. Nyingi kati ya hizo zina sanamaki, ambayo huharisha. Kinachotoka ni maji na choo, pamoja na potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige kwa mpangilio. Mafuta ya mwilini yanabaki palepale, na kilo hurudi mtu akinywa maji. Anayejitapisha hupoteza potasiamu vilevile, na asidi ya tumbo humla meno.

Tukija kwenye mazoezi, ninafurahi kila nionapo vikundi vya jogingi alfajiri upande wa Capripoint, kwa kuwa tatizo la unene ni la kweli: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene, na asilimia 10 ni wembamba kupita kiasi. Makundi haya mawili mara nyingine yanaishi nyumba moja, na mara nyingine ni mtu yuleyule katika miaka miwili tofauti. Ninachopinga ni kukimbia kwa tumbo tupu, kushindia chai, kisha kurudia mbio jioni ili «kuchoma» kipande cha chapati. Wataalamu wa michezo hutumia kadirio la kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta, zibaki kwa siku baada ya kuondoa zile zilizotumika katika zoezi. Chini ya hapo homoni za wanawake wengi huanza kuyumba. Si mstari mkali, lakini unasaidia kufikiri. Msichana mwenye kilo 40 zisizo mafuta anahitaji zibaki kilokalori 1,200 hivi, na kama mbio zake zimekula 400, basi awe amekula 1,600 kwa uchache. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kwamba upungufu huu wa nishati huwaathiri wanamichezo wa kike na wa kiume.

Wa kiume, kwa hakika, tunawasahau. Wapo wanaoacha wanga wote ili tumbo ligawanyike, na wanakuja wakilalamikia uchovu na kukosa nguvu za kiume, na kila mmoja wao amekwisha kununua dawa ya mitishamba kabla ya kuniona.

Ukitaka kujua kama uko fiti, jipime kwa kazi ambayo mwili unaiweza. Mtu anayepandisha ndoo ya lita 20 kwenye miamba ya Mabatini akafika juu akiwa bado anaweza kuzungumza, ana moyo na misuli ya kutosha, hata kama nguo zake ni za saizi kubwa. Wanawake wanaobeba dagaa pale Mwaloni Kirumba wamo ambao chati ingewaita wazito, na vijana wengi waliokonda kwa kujinyima wasingeweza kushika kazi yao hata asubuhi moja. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kutumia nguvu za misuli. Hakuna mahali yanaposema mtu afanye hivyo akiwa na njaa. Na chakula cha kujenga misuli na mifupa tunacho: dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, mtindi, karanga, maharage, na hata michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya chai ya jioni ambayo vijana wameifanya adui.

Kabla ya kuhukumu kwamba mtu anajikondesha, maradhi yatafutwe. Kwetu hapa, anayepungua bila kukusudia apimwe kifua kikuu, VVU, sukari na tezi la shingo, na kwa wakazi wa ufukweni kichocho na minyoo visisahauliwe. Nilimwambia yule mama: «Mama, majirani nao hawajakosea kuuliza, makohozi yatapimwa.» Yalipimwa, hayakuwa na kitu. Ndipo nikamwuliza binti maswali matano yaliyotungwa London na kuchapishwa mwaka 1999: kama hujitapisha akishiba, kama anahofia kushindwa kujizuia anapokula, kama amepungua zaidi ya kilo sita kwa miezi mitatu, kama anajiona mnene wakati wengine wanamwona amekonda, na kama chakula kimetawala maisha yake. Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kutia shaka. Aliitikia manne, moja baada ya jingine, huku akimtazama mama yake.

Wazazi hufikiri kwamba baada ya hapo dawa ni sahani iliyojaa. Kwa aliyekosa chakula muda mrefu, sahani hiyo inaweza kuwa hatari, kwani wanga ukiingia kwa wingi, insulini huyasukuma madini ya fosfeti kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli, na fosfeti ikishuka mno moyo na mapafu vinaweza kushindwa. Aliyekonda sana au aliyekaa siku nyingi karibu bila kula aanze kulishwa chini ya uangalizi, kidogo kidogo, damu yake ikipimwa. Anayezimia, anayehisi moyo ukirukaruka, mwenye mapigo chini ya 50 au anayetapika kila siku apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na mkifika mapokezi msiseme tu kwamba mgonjwa ana udhaifu, kwa sababu atapimwa malaria na taifodi, majibu yatakuwa safi, na mtarudishwa nyumbani na vidonge vya vitamini. Semeni alikuwa na kilo ngapi, sasa ana ngapi, amekula nini tangu jana, na kama ni msichana, hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini.