Sungura mgeni anapiga chafya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Umemchukua sungura kwa jirani aliyechoka naye, au umemnunua sokoni pembeni ya wauza kuku. Hata wiki haijaisha anapiga chafya na mbavu zinapanda na kushuka. Ukiuliza, kila mtu ana jibu. Mengi ya majibu hayo yanamuua sungura ambaye angepona.

"Ni mafua tu, yataisha yenyewe."

Sungura hapati mafua yetu. Chafya za mfululizo zenye makamasi meupe au ya njano mara nyingi husababishwa na bakteria, hasa Pasteurella multocida, ingawa Bordetella na Staphylococcus nao huhusika. Wakiachwa, hushuka mapafuni, huingia sikioni hadi shingo ikapinda, au hutunga majipu chini ya ngozi. Chafya moja moja baada ya kula pumba zenye vumbi isikutie hofu.

Ukitaka kujua mapema, tazama miguu ya mbele, upande wa ndani. Sungura hujipangusa pua kwa miguu hiyo, hivyo mwenye makamasi manyoya yake hapo hushikana na kukakamaa. Muuzaji mjanja humfuta pua kabla hujafika. Miguu huwa anaisahau. Na kama uchafu unatoka tundu moja tu la pua, au jicho la upande mmoja linatoa machozi kila siku, tatizo linaweza kuwa meno. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na mizizi yake ikirefuka kupita kiasi huziba njia ya machozi.

"Kwa mwenyewe alikuwa mzima, umemwua wewe."

Hapa watu hugombana bure. Sungura wengi hubeba Pasteurella puani bila dalili yoyote. Kisha anatiwa kwenye boksi, anapakiwa bodaboda, anafika nyumba yenye mbwa na chakula asichokijua. Hofu hiyo inatosha kushusha kinga, na ugonjwa uliolala ukaamka. Inawezekana kabisa muuzaji hakudanganya na wewe hukukosea kitu.

Ndiyo maana mgeni hukaa peke yake wiki mbili kwa uchache, mwezi ikiwezekana, na vyombo vyake, akihudumiwa baada ya wenzake. Usimchanganye na simbilisi hata baada ya hapo: Bordetella ambayo sungura huibeba bila shida humpa simbilisi nimonia.

"Kuhema haraka ndiyo kawaida yao."

Nusu ya kweli. Sungura aliyetulia huvuta pumzi kama 30 hadi 60 kwa dakika. Hesabu ubavu, usihesabu pua, maana pua ya sungura huchezacheza hata akiwa mzima. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, akiwa ametulia kivulini.

Sungura ameumbwa kupumua kwa pua. Ukimwona ameachama mdomo, kichwa amekiinua juu na midomo inaelekea ubuluu, usisubiri kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ndani ya boksi lenye matundu, bila kumbana kifua wala kumlaza chali eti atulie. Anavyotulia akiwa chali ni woga.

Kwa wa Dar es Salaam na Mombasa, joto nalo lihesabiwe. Sungura hatoi jasho. Hupoza mwili zaidi kwa masikio, na joto likipita nyuzi 28 au 30 huanza kutaabika. Chupa ya maji yaliyoganda, ikafungwa kitambaa na kuwekwa ubavuni mwake, humsaidia. Kumtumbukiza kwenye ndoo kunaweza kumuua kwa mshtuko.

"Mpe nusu ya amoksilini."

Ushauri huu ndio unaonikera kuliko yote, kwa sababu hutolewa kwa moyo mwema. Tumbo la sungura linaendeshwa na vijidudu vinavyochachusha majani. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kumeza, klindamaisini na linkomaisini huua vijidudu hivyo vyema, kisha bakteria wabaya waitwao Clostridium hutanda na kumwaga sumu. Sungura anaharisha, na ndani ya siku chache anakufa, halafu watu wanasema mafua yamemmaliza.

Utasikia, "Mbona wa fulani alichomwa penisilini akapona?" Inawezekana. Ya sindano, mkononi mwa daktari, haipiti njia ile ya kumezwa. Kwa kawaida madaktari huchagua enrofloksasini au salfa yenye trimetoprimu, kwa kipimo cha uzito wa mnyama na kwa wiki kadhaa, si siku tatu. Ile dawa ya kuku ya unga inayokorogwa kwenye maji haikupi uhakika wowote: hujui amekunywa kiasi gani, na mgonjwa hunywa kidogo. Kitunguu saumu kiache jikoni, kwake ni sumu.

Dawa yoyote apewayo, angalia kama anakula. Sungura asiyegusa chakula nusu siku, na vinyesi vyake vimekoma au vimekuwa vidogo sana, ana dharura ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Sungura hanywi maji."

Anakunywa, tena mengi kwa mwili wake. Bila maji makamasi huwa mazito na tumbo husimama. Weka bakuli zito asilolipindua.

"Mfunike asipigwe baridi."

Baridi kavu sungura anaivumilia. Kinachomwumiza ni hewa iliyofungiwa. Mkojo wake hutoa amonia inayochubua njia ya hewa na kuwafungulia bakteria mlango. Asubuhi kabla hujafagia, inama mpaka pua yako ifike usawa wa sakafu ya banda. Ukihisi macho yanawasha, yeye amelala humo usiku kucha. Ondoa gunia, funika upande wa upepo tu, badilisha matandiko kila siku. Maranda ya msonobari na nyasi zenye ukungu visiingie, na moshi wa jiko la mkaa au wa dawa ya mbu ya kuchoma uwe mbali naye.

"Amekauka pua, amepona."

Pengine. Wengi hubaki na bakteria maisha yao yote, na chafya hurudi akihamishwa, akizaa au joto likizidi. Akianza tena, mweleze daktari alitumia dawa gani mara ya kwanza na kwa siku ngapi.