Haidrojeni kwenye betri ya sola: tunayoyaamini na yaliyopo

Fundi wa betri, awe wa Darajani au wa Chake Chake, atakukataza kutia maji ya kisima kwenye betri ya sola, ile ya mabamba ya risasi (metali nzito, si ya bunduki) yaliyozama kwenye asidi. Yuko sahihi. Kasoro imo kwenye sababu tunazojipa wenyewe, kwa kuwa tunaangalia maji na umeme, tunausahau uso wa metali.

Dhana: umeme unayapasua maji, haidrojeni inapaa.

Gesi haizaliwi katikati ya maji. Ioni ya haidrojeni, yaani atomu iliyopoteza elektroni yake, hupokea elektroni kwenye uso wa elektrodi (bamba la metali lililomo ndani ya asidi) na kubaki pale imenata, atomu moja moja. Kunata huku juu ya uso, bila kuzama ndani ya metali, ndiko kunakoitwa adsopsheni. Baadaye atomu mbili zilizonata huungana, au moja iliyonata huungana na ioni nyengine kutoka kwenye asidi. Hapo ndipo tunapoona kiputo.

Dhana: metali inayoishika haidrojeni kwa nguvu zaidi ndiyo inayotoa gesi nyingi zaidi.

Fikiria daladala: abiria asiyetaka kupanda hafiki popote, na asiyetaka kushuka anaziba nafasi ya mwenzake. Tungsteni huishika haidrojeni mno, haiachii. Risasi na zebaki hazishiki vya kutosha. Platini imekaa katikati, na hapo ndipo gesi inapotoka kwa wepesi. Tofauti yenyewe si ndogo: volti zikiwa zile zile, kasi ya kutoa gesi juu ya platini ni takriban mara bilioni ya kasi yake juu ya risasi.

Dhana: betri hukaa na chaji kwa sababu imefungwa vizuri.

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kinadharia, volti 1.23 zinatosha kuyachanganua maji. Seli moja ya betri ya risasi ina takriban volti 2. Kwa hesabu hiyo betri ingeyamaliza maji yake yenyewe ikiwa rafuni, haijawasha hata taa. Kinachoizuia ni kwamba kwenye bamba hasi haidrojeni haipati pa kunata, na kwenye bamba chanya oksijeni nayo huzaliwa kwa shida. Kwa maneno mengine, tunawasha taa kwa sababu risasi ni elektrodi mbovu ya haidrojeni.

Sasa rudi kisimani. Chumvi ya maji yetu ya mawe ya matumbawe huliharibu bamba chanya, hilo kweli. Lakini chembe za metali, mfano nikeli, zikiingia kwenye asidi hujipaka juu ya risasi ya bamba hasi. Kila chembe inakuwa mahali ambapo haidrojeni inanata na kuachia kwa urahisi, na chaji inavuja usiku kucha bila waya wowote kuguswa.

Dhana: betri kuukuu inakunywa maji kwa sababu ya joto tu.

Joto lina sehemu yake, na Pemba halikosi. Ila betri nyingi za kutiwa maji zina antimoni, metali nyengine, kwenye fremu za risasi zinazobeba mabamba. Kadiri miaka inavyopita, antimoni huyeyuka kutoka bamba chanya na kuhamia bamba hasi, na juu yake haidrojeni hutoka kwa wepesi zaidi kuliko juu ya risasi tupu.

Dhana: ikichemka ndiyo inachaji.

Kinyume chake. Viputo vingi maana yake umeme umeacha kuchaji na sasa unapasua maji. Kwa betri ya volti 12 hali hiyo huanza karibu na volti 14.4. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuiwasha, kwa hiyo betri chini ya kitanda chenye chandarua ni jambo la kuliacha leo leo.

Dhana: zile "zisizotiwa maji" hazitoi gesi kabisa.

Fremu zake kwa kawaida huwa na kalsiamu badala ya antimoni, kwa hiyo uso wa bamba hasi unabaki wa risasi kwa muda mrefu na gesi inapungua sana. Inapungua tu. Ukitazama kwa makini utaona hata hizo zimewekewa vali ya kupumulia.