Ukibadilisha "ni" kuwa "a" hujabadilisha msimulizi

Kuna kijana aliniletea hadithi yake nimharirie, nikamwambia hebu itoe kwenye nafsi ya kwanza uipeleke ya tatu tuone. Kesho yake karudi, kila "nilienda" kaifanya "alienda", kamaliza. Nilicheka lakini si kosa lake, Kiswahili chenyewe chatuchezea, manake nafsi imekaa pale mbele ya kitenzi kama kofia, waona ukiivua ukavaa ingine kazi imekwisha.

Sasa chukua stori hii. Mama auza mahamri na mbaazi karibu na feri ya Likoni, Mombasa, upande huu wa kisiwani. Kila asubuhi aja bwana mmoja, ala hapo hapo, alafu afungiwa ya mtu wa pili, avuka nayo Likoni. Hio ya pili humpelekea kijana anayekaa naye chumba kimoja, na huyo kijana ni mtoto wa mama huyo huyo, waligombana, mwaka wa pili huu hawasemezani.

Mpe mama asimulie: "nikamfungia, nikamuongezea mbaazi, si ni mteja wangu." Yeye hajui kitu na msomaji pia hajui, mama ashuku bwana wa watu ana mke wa siri ng'ambo, amtania kila siku. Ukweli ukija kutoka, zile mbaazi za nyongeza ndizo zitakazomchoma msomaji. Ukimpa yule bwana asimulie, siri tunayo toka mwanzo, hatungoji tena kujua, twangoja tu atasema lini, kila utani wa mama wawa mzito kwake. Mahamri ni yale yale!

Kuna na msimulizi maizi, yule ajuaye ya huku na ya ng'ambo na yaliyo moyoni mwa kila mtu. Kwenye riwaya sawa, nafasi ipo, lakini kurasa tano? Mimi simpendi, msomaji hajamzoea mtu hata mmoja ashapelekwa kwa mwingine.

Ninayempenda ni wa nafsi ya tatu anayekaa begani kwa mhusika mmoja. "Mama akaitazama feri. Mbona leo kachelewa? Ama kaumwa, masikini." Hakuna "alijiuliza" hapo, maneno ni ya mama lakini yako mdomoni mwa msimulizi.

Na hapo ndipo kijana wangu alipokwama. Alikuwa na "nilijua ananidanganya", sentensi safi kabisa, baada ya kubadilisha ikawa "alijua anamdanganya". Nani amdanganya nani? Kiingereza angalau kina neno la mume na neno la mke, sisi "a" yetu yabeba wote, kwa hio lazima ushike mtu mmoja umkazie macho, jina ulirudishe pale panapochanganya. Lakini "a" hio hio ni zawadi pia, mtoto wa mama muuza mahamri waweza kumficha hadithi nzima kama ni wa kiume au wa kike, bila kudanganya mtu.

Nikampa biro nyekundu nikamwambia pitia, piga mstari kila kitu ambacho huyu msimulizi wako hangeweza kukijua pale aliposimama. Ukurasa wa kwanza peke yake kapata saba.