Kipeo cha sehemu: tazama kiasi na asili kabla ya kukokotoa

Swali linaloangusha wengi kwenye mada ya vipeo huwa jepesi kwa sura: x^(2/3) = 16. Karibu darasa zima huandika 64 na kufunga daftari. Hilo ni nusu ya jibu.

Tuanze na sehemu yenyewe. Asili, namba ya chini, inadai kipeuo. Kiasi, namba ya juu, ni kipeo cha kawaida. Kwa hiyo x^(2/3) maana yake tafuta kipeuo cha tatu cha x, kisha utakachopata ukizidishe chenyewe kwa chenyewe. Ili x ibaki peke yake, pindua sehemu na uzipe pande zote mbili kipeo cha 3/2, kwa kuwa 2/3 × 3/2 = 1.

Hapo ndipo -64 inaposahaulika. Kipeuo chake cha tatu ni -4, na -4 × -4 ni 16 vilevile. Kiasi 2 ni namba shufwa, na shufwa humeza alama ya hasi; unaporudi nyuma huna budi kuandika x = 64 au x = -64. Kikokotoo hakitakuokoa. Vingine ukivipa (-64)^(2/3) vinagoma, na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inakuletea namba changamano (yenye sehemu isiyo halisi) ambayo hukuiomba.

Asili ikiwa shufwa mambo yanageuka. Chukua x^(3/4) = -8. Ukifuata kanuni kwa kukariri utapata (-8)^(4/3) = 16. Irudishe 16 kwenye swali: kipeuo cha nne ni 2, na 2 × 2 × 2 ni 8, si -8. Mlinganyo hauna jibu katika namba halisi, na ungeliona hilo bila kushika kalamu, maana kipeuo cha nne hakiwi hasi.

Na wale wanaouliza vitu hivi vinatumika wapi, watazame angani. Kanuni ya tatu ya mwanaastronomia Johannes Kepler, iliyochapishwa mwaka 1619, leo tunaweza kuiandika T = a^(3/2): T ni miaka ambayo sayari inatumia kulizunguka Jua, a ni wastani wa umbali wake na Jua, umbali wa Dunia ukihesabiwa 1. Sayari ya Mshtarii (Jupita) hutumia miaka 11.86. Pindua sehemu: a = 11.86^(2/3). 11.86 × 11.86 ni karibu 140.66, na kipeuo cha tatu cha hiyo ni kama 5.2. Yaani Mshtarii iko mbali na Jua mara 5.2 kuliko sisi, na tumejua kwa kuhesabu miaka tu. Jibu la pili halipo, kwani kiasi 3 ni witiri.

Kuna aina moja zaidi, nayo mitihani inaipenda: x^(2/3) − x^(1/3) − 6 = 0. Usikimbilie kupindua sehemu, utavuruga kila kitu. Weka u = x^(1/3), upate u² − u − 6 = 0, yaani (u − 3)(u + 2) = 0. u ni 3 au -2, x ni 27 au -8, na yote mawili yanakubali.

Sasa badilisha kidogo: x − x^(1/2) − 6 = 0. u ni zilezile, 3 na -2, ila safari hii u ni kipeuo cha pili, hivyo -2 inatupwa papo hapo. Anayeizidisha yenyewe kwa yenyewe bila kutazama atapata x = 4, na 4 − 2 − 6 ni -4. Jibu ni 9 peke yake.