Usifunge Koki Moto Ukiwaka

Mwenye nyumba ya wageni ya Paje au Jambiani, vijiji vya pwani ya Zanzibar, anayetaka kupasha bwawa la kuogelea kwa kuni wakati wa kipupwe, kwa kuyapitisha maji katika bomba la shaba lililozungushwa tanurini, huenda akashauriwa afunge koki kwanza, maji yachemke, ndipo ayaachie bwawani. Ushauri huo ni wa hatari mno. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na yakikosa pa kutokea bomba hupasuka na kuwaunguza waliopo.

Pampu ndiyo itangulie, moto ufuate. Maji yakirudi bwawani vuguvugu tu si kasoro, kwani yanayopita kwa kasi huchukua joto jingi zaidi kuliko yaliyosimama. Umeme ukikatika, jambo tulilolizoea, pampu husimama lakini makaa huendelea kuwaka; kwa hiyo njia ya kutolea mvuke ibaki wazi daima, isitiwe koki kabisa.

Kuni nazo zikadiriwe mapema: kupandisha joto la mita 50 za ujazo kwa nyuzi 5, ikiwa nusu ya joto la moto hupotea hewani, huhitaji takriban kilo 150 za kuni kavu. Usiku bwawa lifunikwe kuzuia uvukizi, na kifuniko kiondolewe chote kabla ya mtu yeyote kuingia majini.